Vitambaa vya Meza ya Bwana

Mama yangu alifua vitambaa vya meza ya Bwana katika usharika wetu tangu nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kumwajiri. Bibi mmoja aliyekuwa akifua kabla yake alizeeka, macho yakaanza kumdanganya. Siku moja akaja nyumbani na kikapu, akakiweka mlangoni, akamwambia Mama, "Mwanangu, mimi basi. Chukua wewe." Mama akachukua. Hakuuliza atafua mpaka lini, na najua kwa nini hakuuliza: aliona amepewa heshima. Huenda ilikuwa heshima kweli. Sitaki kuwa mkali tangu ukurasa wa kwanza, nitakuwa mkali baadaye.

Kwetu ni mlimani, upande ambao barabara inapanda kwenda Rombo. Kanisa liko juu kidogo ya kihamba chetu, yaani lile shamba la migomba na kahawa tulilorithi kwa babu. Mara moja kwa mwezi palikuwa na Chakula cha Bwana, na siku mbili kabla yake Mama alianza kazi. Maji hakuchota kwenye mfereji unaopita katikati ya migomba, maana watu wa juu walinyweshea ng'ombe humo. Alipanda hadi kwenye chemchemi. Nta ya mishumaa aliikwangua kwa mgongo wa kisu, akaweka karatasi ya kaki juu yake na kupitisha pasi ya mkaa mpaka karatasi ikainywa nta yote. Kisha bluu kidogo kwenye maji ya kusuuzia, kisha uji mwembamba wa unga wa muhogo ili kitambaa kisimame. Havikuanikwa kamba moja na nguo zetu, na ole wake mtoto ambaye angepita hapo na mikono ya maembe. Baba, alipokuwa hai, alikuwa akisema siku akifa avalishwe shati lililopigwa pasi namna ile, maana akiwa hai halipati.

Jumapili yenyewe ilipofika Mama hakunywa chai. Alikwenda kanisani na njaa yake, akapiga magoti mbele ya madhabahu pamoja na wenzake, akapokea mkate na divai, akarudi nyumbani amebadilika uso. Kama ulikuwa na ombi, la sare ya shule au ruhusa ya kwenda kwa shangazi, uliliweka mpaka mchana wa Jumapili hiyo. Sikuwahi kuona kitu kingine duniani kilichomfurahisha namna ile, hata sisi watoto wake. Nalisema hili mapema ili mtu ajue walichokuja kumnyima.

Ikafika miaka ile ambayo sabuni ilikuwa hadithi. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na mwuzaji mwenye usingizi. Mama akawa anafua kwa majani ya mpapai, na vitambaa vikaanza kupata rangi ya chai ya maziwa. Aliumia kuviona. Kisha biashara ikafunguliwa, watu wakaanza kununua na kuuza bila kujificha sana, na mdogo wangu wa kike akaanza kwenda Tarakea, mpakani. Alipeleka ndizi na maharage, akarudi na viberiti, mafuta ya kupikia na sabuni za mche. Mimi wakati huo nilikuwa mjini Moshi, nimepanga chumba Njoro, nashona kwa cherehani kwenye baraza la duka. Mdogo wangu hakuuza sabuni hata moja kabla hajamtolea Mama mche wake. Vitambaa vikarudi kuwa vyeupe, na mchungaji akavisifu mbele ya watu wote. Hakuuliza sabuni imetoka wapi. Wake za wazee wa kanisa walijua, maana waliifuata hadi jikoni kwetu.

Huko mpakani ndiko mdogo wangu alikopata mimba. Mwanamume alikuwa mfanyabiashara wa upande wa pili, mwenye mke wake, jambo ambalo alilisema tumbo lilipoanza kuonekana na si siku moja kabla. Baada ya hapo hakuonekana tena sokoni. Mdogo wangu akaacha biashara, akarudi nyumbani, akawa anakaa jikoni amejifunga kanga mbili.

Kwetu, mimba ya nje ya ndoa ilikuwa na utaratibu wake. Msichana alitengwa: hashiriki Chakula cha Bwana, haimbi kwaya, na akifa leo kanisa halimziki. Na katika usharika wetu mzazi aliyekaa naye alitengwa pamoja naye, kwa kosa la kulea vibaya. Mtoto akishazaliwa, mama na bibi walisimama mbele ya watu Jumapili, wakatubu kwa sauti, wakarudishwa kundini. Mwanamume hakuwa na utaratibu wowote. Angeweza kuwa kwenye benchi la mbele ameshika kitabu cha nyimbo, na hakuna ambaye angemuuliza.

Siku walipokuja kumwambia Mama, nilikuwa nimepanda nyumbani kumsalimia. Walikuja wazee wawili wa kanisa pamoja na mwinjilisti, na walikuja saa ya chakula. Mama aliwaandalia machalari, zile ndizi zinazopikwa na nyama, na nyama yenyewe alikuwa ameiweka kwa ajili yangu. Nikawaamkia shikamoo zao, nikakaa karibu na mlango wa jikoni ili nisikie.

Walikula kwanza. Mzee mkubwa kati yao alipomaliza kunawa alijiweka sawa kwenye kiti.

"Mama, unajua tunavyokuheshimu," akaanza.

"Najua, baba."

"Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Sisi watu wa mlimani samaki tunamjua akiwa kwenye kopo. Lakini kwenye kuhukumu watu, hata bahari tunaijua.

"Sasa ni mpaka lini, baba?" Mama akauliza.

"Mpaka binti ajifungue, mje mtubu wote wawili. Ni utaratibu tu, mama, usiuchukulie vibaya."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mwinjilisti akaomba, sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mikono iliyokiandaa. Wakasimama, wakaaga. Walipofika uani yule mzee mkubwa akageuka kana kwamba amesahau kofia.

"Na vile vitambaa, mama. Jumapili hii ni Chakula cha Bwana. Utavileta Jumamosi?"

"Nitavileta, baba," Mama akasema.

Nilitoka jikoni kama nyuki. "Mama! Umesikia alichokuuliza?"

"Nimesikia."

"Yaani hufai kula mezani, ila kufua meza unafaa?"

"Punguza sauti, hawajafika barabarani."

"Nataka wasikie!"

Aliokota sahani zao moja moja, akazipanga juu ya mkono. "Sasa nani atafua?" akaniuliza. "Wewe?"

Niliteremka Moshi jioni hiyo bila kumaliza chai. Kanisani sikurudi. Nilijiambia kwamba nimemwachia Mungu wao, nami nikabaki na wangu, ambaye sikujua anakaa wapi.

Mama aliendelea. Alifua, akapiga pasi, akapanda na kikapu Jumamosi, akatandika meza, na Jumapili akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango ambapo wanakaa wenye watoto wanaolia. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki amekaa. Mdogo wangu aliniambia kwamba asubuhi hizo bado Mama hakunywa chai. Nilipolisikia hilo nilitupa mkasi.

Mwezi mmoja mgongo ukamkamata, hakuweza kuinama. Mdogo wangu, tumbo likiwa mbele, akafua yeye, akapiga pasi yeye, Mama akielekeza kutoka kitandani. Kiongozi wa umoja wa wanawake akapita kumjulia hali, na kabla ya kuondoka akauliza kwa upole wote, "Na huyu binti havigusi, sivyo?"

"Vitambaa ni visafi," Mama akamjibu.

Jumapili ile usharika mzima ukapiga magoti mbele ya kitambaa kilichonyooshwa na mtenda dhambi, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Niliposimuliwa nilicheka peke yangu Njoro mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Mara moja tu nilimfuata alipokwenda kutandika. Mvua ilikuwa inataka kunyesha naye alikuwa ameacha mwavuli. Nikasimama mlangoni mwa kanisa, sikuingia. Alikuwa ametandika tayari. Alikuwa anapapasa kitambaa kwa kiganja, kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole, akirudia mahali palipokuwa pamenyooka tangu mwanzo. Kisha akasimama tu mbele ya meza ile, mikono imeshuka, muda mrefu kuliko subira yangu.

"Unasali?" nikamuuliza kwa sauti.

"Hapana," akasema bila kugeuka. "Naangalia kama kiko sawa."

Mdogo wangu alijifungua salama, hospitali ya Mawenzi mjini Moshi, mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta. Mama aliteremka na chupa ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, na alipompokea mjukuu alimnusa kichwani kabla ya kusema neno lolote. Akawapandisha mlimani wote wawili, akamlea binti yake kwa desturi yote, kama vile ameolewa kwa ng'ombe na pombe: mtori asubuhi, mtori jioni, hakumruhusu kushika jembe wala ndoo mpaka mtoto alipokaza shingo. Majirani walisema anamdekeza mkosaji. Mama akawaambia kwamba maziwa hayajui ndoa.

Ndipo wazee wakapanga Jumapili ya kurudi kundini. Mama alifurahi. Alishona blauzi mpya, yaani nilimshonea mimi, na akaniomba niende. "Njoo unione nikila," akaniambia, na kwa neno hilo nikashindwa kukataa.

Walisimamishwa mbele, wamewageukia watu. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni, ili mwenziwe awe huru. Mchungaji akamuuliza mdogo wangu, naye akajibu upesi upesi, kama mtu anayemeza kwinini. Kisha akamgeukia Mama.

"Nawe mama, unatubu kwa aibu uliyoliletea kanisa la Mungu kwa ajili ya mtoto huyu?"

Mtoto akajinyoosha mgongoni, akatoa mguu mmoja nje ya kanga. Mama akaushika ule mguu, akaurudisha ndani, na mkono wake ukabaki hapo.

"Mchungaji," akasema, "nimetubu mengi mbele ya Mungu, na mengine nitatubu. Lakini mjukuu wangu siwezi kumtubia."

Hakuipandisha sauti. Benchi la mbele lilisikia, likalinong'oneza la pili, la pili likalinong'oneza la tatu, mpaka maneno yakafika nyuma nilikokuwa.

"Mama, ni maneno tu," mchungaji akamwambia, na nadhani alikuwa anamwombea apite.

"Kama ni maneno tu, baba, tuyaache."

Mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo kabla ya wakati wake. Mdogo wangu akapokewa kundini, akapewa mkono na kila mzee. Mama akateremka na mjukuu wake mgongoni, akarudi kwenye benchi la nyuma. Meza ilikuwa imetandikwa, yeye mwenyewe alikuwa ameitandika jana yake. Watu wakaenda, wakala, wakarudi. Aliyezini alikula. Aliyelea alibaki.

Njiani nilikuwa naruka kama mbuzi aliyefunguliwa. "Mama, umewakomesha!" nikamwambia. "Leo wamepata!"

Akaniangalia kama mtu aliyesikia upuuzi msibani. "Sikutaka kumkomesha mtu," akasema. "Nilitaka kula." Akaanza kulia, palepale barabarani, amevaa blauzi yangu mpya, watu wa kanisani wakitupita na kutusalimia kwa heshima kubwa.

Nilidhani basi, sasa watamnyang'anya kikapu. Mwanamke aliyemjibu mchungaji mbele ya usharika mzima hawezi kuachiwa madhabahu. Wapi! Baraza la wazee lilikaa, likasema hawezi kushiriki mpaka atamke maneno yale, na kuhusu vitambaa halikusema kitu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda akipiga mateke huondolewa mzigo. Wa Mama waliuacha mgongoni. Mtoto alibatizwa, na kitambaa alichofutiwa maji kichwani kilikuwa kimefuliwa na bibi yake.

Ikaenda hivyo miaka. Mdogo wangu aliolewa mbali, mjukuu akabaki kwa bibi, akaanza shule, akawa mrefu. Yule mzee mkubwa alikufa, akazikwa na kanisa, kengele ikapigwa mpaka masikio yakauma, na Mama akaenda kupika msibani kwake. Mimi nilimwuliza kila nilipopanda kama hajachoka. Alikuwa na woga mmoja tu, wa kufa akiwa nje. "Nani ataniombea kaburini?" aliniuliza siku moja tukichambua maharage. Nikamwambia nitamwombea mimi. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema ahsante mwanangu, lakini wewe hujui hata sala ya chakula.

Mwaka mmoja, kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, mambo mawili yalikuja karibu pamoja. La kwanza ni mchungaji mpya, kijana mwembamba mwenye viatu vya raba. Alipopitia mambo ya usharika akakuta watu waliotengwa kwa makosa ya watoto wao, akasema hadharani kwamba hilo haliendelei chini yake. Alimfuata Mama nyumbani. Hakutaka machalari. Alimwomba radhi kwa niaba ya waliomtangulia, wakasali pamoja, akampa mkono, akasema, "Jumapili ya Chakula cha Bwana uje, bibi." Hakukuwa na kusimama mbele wala kutamka lolote. Nilitafuta sababu ya kumchukia yule kijana na nikashindwa, nikabaki na hasira isiyo na pa kukaa.

La pili ni Krismasi. Kila Desemba watu wetu wa Dar es Salaam wanapanda mlimani na magari yao, na mwaka ule akina mama wa Dar waliamua kulipendezesha kanisa. Walileta maua ya plastiki, na vitambaa vya madhabahu vipya vya nailoni kutoka Dubai, vyeupe vya kuumiza macho, vyenye misalaba ya dhahabu iliyogandishwa kwa moto. Havihitaji bluu, havihitaji pasi, kikichafuka unapitisha kitambaa kibichi. Mama mmoja wao alisimama kanisani na miwani yake juu ya kichwa, akamtaja Mama kwa sifa nyingi. "Bibi yetu amehangaika sana na pasi ya mkaa," akasema. "Sasa apumzike." Watu wakapiga makofi. Vile vya zamani, vya pamba, alirudishiwa Mama kwenye kikapu chake kama kumbukumbu. Alivifua, akavikunja, akaviweka sandukuni.

Jumapili ya kwanza ya Chakula cha Bwana baada ya hapo nilikwenda naye. Nilivaa vizuri. Nilikaa nyuma nikamwona akitembea katikati ya kanisa, amezeeka, mjukuu amemshika mkono mpaka mbele. Akapiga magoti. Mchungaji kijana akamwekea mkate mkononi, akainama akamwambia jambo, nami nikalia, mimi ninayejifanya sijali.

Tulirudi nyumbani. Nilimchemshia chai kwa sababu alikuwa na njaa, kama siku zote za Jumapili hiyo. Nikamtazama usoni, nikiutafuta ule uso wa zamani. Haukuwepo.

"Mama, umepokea?"

"Nimepokea."

"Sasa?"

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Kile kitambaa kina doa la divai," akasema. "Mkono wa kulia, pembeni. Limekauka, ni la tangu jana walipoandaa divai. Nilikuwa nimepiga magoti hapo, naliangalia. Mchungaji ameniambia neno zuri nafikiri. Sikulisikia."

"Ni nailoni, Mama. Wanafuta tu."

"Ndiyo. Wanafuta tu."

"Lakini umerudi ndani. Si ndilo ulilolitaka miaka yote hii?"

Akasukuma kikombe mbali. Niliona mikono yake juu ya meza yetu, inapapasa mbao tupu kuanzia katikati kwenda pembeni, naye hajui kama inafanya hivyo.

"Walikuwa wameniacha nje," akasema, "lakini kila mwezi nilikuwa na siku moja ya kukaa na Bwana peke yangu, hakuna mzee wala mchungaji. Leo wameniingiza, mwanangu, na sina kazi yoyote ya kumfanyia. Heri wangeniacha nje, wakaniachia vitambaa vyangu."